Je, Wajua? Tembo, Pomboo na Siri za Tovuti Kubwa

Je, wajua kwamba Facebook, yenye watumiaji zaidi ya bilioni 3 kila mwezi, imejengwa juu ya kanzidata ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza pale MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia Mbeya, anaweza kuipakua leo jioni bila kulipa hata senti? Inaitwa MySQL. Kanzidata ndiyo programu inayotunza nani ni nani, nani kapenda picha ya nani na nani kalipa nini. Tovuti unayoiona ni sura tu. Facebook wameikarabati MySQL yao kwa miaka mingi, lakini shina ni lile lile.

Nembo ya MySQL ni pomboo, na pomboo huyo ana jina: Sakila. Lilipatikana kwa shindano, na mshindi alikuwa mtaalamu wa programu mwenye asili ya Uganda aliyekuwa Eswatini. Sasa kaa vizuri: kitabu rasmi cha MySQL kinaeleza kwamba Sakila ni mji ulioko Arusha, Tanzania! Wanafunzi dunia nzima hufanyia mazoezi kanzidata ya mfano iitwayo Sakila, na wengi wao hawana habari kwamba kuna watu wanaishi Sakila, wanalima, wanauza ndizi.

Mmoja wa waasisi wa MySQL ni Michael Widenius wa Finland, na binti yake anaitwa My. Umeshaunganisha? Mwaka 2008 kampuni ikauzwa kwa Sun Microsystems kwa dola kama bilioni 1, kisha mwaka 2010 Sun yenyewe ikamezwa na Oracle. Widenius hakuupenda mpango huo tangu ulipotangazwa. Programu ilikuwa huria, basi akaichukua vilevile ilivyo akaanzisha toleo lake jipya, MariaDB. Maria ni binti yake wa pili. Na iko pia MaxDB, kwa sababu kuna kaka yao anaitwa Max. Familia nzima imo kwenye seva za watu!

Unadhani toto hilo la pili halijafika mbali? Wikipedia nzima ilihamia MariaDB mwaka 2013. Wikipedia ya Kiingereza ina makala zaidi ya milioni 6. Ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na inatunzwa kwa programu hiyo hiyo. Ukisoma habari za Rungwe au Ruaha humo, ni Maria huyo anakuletea.

JamiiForums yetu, iliyoanza mwaka 2006, inaendeshwa kwa programu ya XenForo, na XenForo haifanyi kazi bila MySQL au ndugu yake. Zogo lote lile la siasa, ajira na mapenzi, chini yake kuna majedwali yaliyopangwa mistari kwa safu, kimya, kwa adabu kabisa.

Turudi kwa wanyama. Mpinzani mkubwa wa MySQL anaitwa PostgreSQL, na nembo yake ni tembo! Tembo huyo anaitwa Slonik. Alianza kulelewa mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Michael Stonebraker, ambaye mwaka 2014 alipewa Tuzo ya Turing, ile inayoitwa Nobeli ya kompyuta. Watu wa Iringa, nyie mlio jirani na tembo wa Ruaha, mngepaswa kushabikia timu hii bila kuulizwa.

Instagram ilianza juu ya tembo huyo. Ilipouzwa kwa Facebook mwaka 2012 kwa dola bilioni 1, ilikuwa na wafanyakazi wangapi? 13. Hawajazi hata hiace moja.

Na je, wajua kwamba tembo huyo huyo anahesabu wagonjwa wa zahanati ya kijijini kwako? Nenda zahanati yoyote Mufindi au Rungwe, utaviona vile vitabu vikubwa vya MTUHA mezani, mistari imejazwa kwa kalamu: umri, jinsia, ugonjwa, dawa. Mwisho wa mwezi muuguzi anajumlisha, taarifa inakwenda wilayani, na wilayani inaingizwa kwenye mfumo uitwao DHIS2. Chini ya DHIS2 yuko nani? PostgreSQL! Homa ya mtoto wa Mdabulo, iliyoandikwa kwa kalamu ya wino wa bluu, inaishia kwenye jedwali la tembo.

Subiri, haijaisha. Mfumo huo haukuzaliwa Ulaya. Mizizi yake iko Afrika Kusini, miaka ya 1990, mara baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, na toleo la kwanza lilikaa ndani ya Microsoft Access, programu ya ofisini ya kompyuta moja moja. Likaja toleo la pili, likaanza kutumika jimbo la Kerala, India, mwaka 2006, likiwa limeandikwa upya lipande mtandaoni. Chuo Kikuu cha Oslo ndicho kinachoratibu, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa mshirika kwa miaka mingi. Leo nchi zaidi ya 70 zinautumia. Ukisikia mtu anasema Afrika inapokea tu teknolojia, mtajie huu.

Haya, swali: siku matokeo ya kidato cha nne yanatoka, tovuti ya NECTA inapona vipi? Watahiniwa ni zaidi ya 500,000, na kila mmoja ana mama, mjomba, shangazi na jirani mwenye simu. Wote wanabonyeza saa ile ile. Fungua ukurasa wa shule yako uone anwani yake: mwishoni kuna namba ya kituo, kuanzia na S, kisha herufi htm. Hiyo maana yake ukurasa umeshaandikwa kabla, mmoja kwa shule nzima, unasubiri kusomwa. Juu kuna jedwali la divisheni kwa wasichana na wavulana. Chini, mstari mmoja kwa kila mtahiniwa: namba, jinsia, pointi, divisheni, masomo. Ukiusoma ukurasa huo, kanzidata haiulizwi kitu! Watu wanaweza kuja laki mbili na yenyewe imelala zake. Kwa maoni yangu huo ni uamuzi wa akili kuliko seva ya bei mbaya.

Facebook nao wanajua siri hiyo. Mwaka 2013 wahandisi wake waliandika kwamba katika mfumo wao wa TAO, maombi 998 kati ya 1,000 ni ya kusoma tu. Mawili yaliyobaki ndiyo ya kuandika. Na mfumo huo ulikuwa unajibu maombi ya kusoma bilioni 1 kwa sekunde. Bilioni. Kwa sekunde! Sisi wengi tunachungulia tu, ukweli ndio huo.

Shika kitambulisho chako cha NIDA. Hesabu tarakimu: 20. Sasa, namba kubwa kabisa inayoweza kuingia kwenye biti 64, kipimo cha kawaida cha namba katika kompyuta za leo, ni 18,446,744,073,709,551,615. Nayo ina tarakimu 20! Lakini namba yako inaanza na mwaka wa kuzaliwa, 19 na kitu au 20 na kitu, kwa hiyo imezidi. Haiingii. Lazima itunzwe kama maandishi. Ingeingia tu kama ungezaliwa mwaka 1844 au kabla. Hata Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyezaliwa karibu na mwaka 1855, angeikosa nafasi!

Na tukiwa kwa Mkwawa, sikia hili. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda Bremen, Ujerumani, kutafuta fuvu la Mtwa, lililokuwa limedaiwa tangu Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Jumba la makumbusho lilikuwa na mafuvu kama 2,000. Akauliza yaliyotoka Afrika Mashariki ya Kijerumani: yakabaki 84. Akachagua yenye vipimo vinavyokaribiana na vya ndugu wa Mkwawa walio hai. Kati ya hayo akachukua lenye tundu la risasi. Juni 1954 likarudi Uhehe, na liko Kalenga mpaka leo. Kanzidata inajibu swali lako kwa njia hiyo hiyo: chuja kwa mahali, chuja kwa kipimo, chuja kwa alama, baki na kimoja. Tofauti ni kwamba Wahehe walisubiri miaka 56 tangu kifo chake, na wewe ukisubiri sekunde 3 unasonya.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Ukiwapanga wote kwa namba zao na kumtafuta mmoja kwa kugawa nusu kwa nusu, utampata kwa hatua zisizozidi ngapi? Sema kabla hujasoma mbele. Ni 26! Na kanzidata hazitumii hata hizo. Zinatumia mti uitwao B-tree, ambao tawi moja linaweza kuzaa matawi 100. Basi hatua 4 tu zinatosha kwa watu milioni 100.

Mti huo ulibuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight wakiwa kwenye maabara ya Boeing, kampuni ya ndege, na taarifa yao ikatoka mwaka 1970. Hiyo B inasimama badala ya nini? Wenyewe hawakuwahi kusema. Wameulizwa kwa miaka mingi, jibu hakuna.

Sasa twende dukani Miyomboni, Iringa, tukanunue flashi. Mkoa wa Mbeya una watu 2,343,754, wa Iringa 1,192,728, kwa sensa ile ile. Ukimwandikia kila mmoja wao herufi 1,000, yaani jina, kijiji, kazi, simu na maelezo mengine, jumla ni gigabaiti 3 na nusu. Flashi ndogo ya gigabaiti 4 inabeba mikoa yote miwili, na wewe unaijaza nyimbo!

Herufi za Kiswahili ni nafuu, ulijua? Kila moja inakula baiti 1 tu. Herufi ya Kiamhari inakula baiti 3. Na kile kijikatuni cha kucheka unachomtumia shemeji kinakula baiti 4. MySQL kwa miaka mingi ilitenga mwisho baiti 3 kwa herufi, kwa hiyo vicheko vilikuwa vinagoma kuingia. Ikarekebishwa mwaka 2010.

Lakini Kiswahili kina mtego wake mmoja. Andika ng'ombe. Umeona hicho kialama cha juu? Katika lugha ya kanzidata, SQL, alama hiyo ndiyo inayofunga maneno. Mtengeneza programu mzembe akisahau, kijiji cha Nyang'oro kwenye barabara ya Iringa kwenda Dodoma kinakatwa pale pale kwenye "Nyang", na tovuti inalia. Mbaya zaidi, wezi hupenya kwenye tundu hilo hilo. Mbinu yao ilielezwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1998 na ingali inaua tovuti hadi leo. Ukitengeneza tovuti Nyanda za Juu Kusini, jaribu na ng'ombe kwanza.

Kuna dereva wa California aliyejiona mjanja, akaweka kibao cha gari chenye neno NULL, neno ambalo kanzidata hulitumia pasipo na kitu chochote. Alifikiri kamera zitamkosa. Faini za magari yote yasiyo na namba zikamwangukia yeye: dola 12,049!

Tuingie kwenye hela. Je, wajua kwamba kwa miaka mingi, M-Pesa ya Kenya ilikuwa inatunzwa Ujerumani? Mtu wa Kibera akimtumia mwenzake wa Kibera shilingi 50, hesabu ilikuwa inafanyika Ulaya, zaidi ya kilomita 6,000, kisha jibu linarudi. Mwaka 2015 Safaricom ikahamishia seva nyumbani Kenya. Mwanga ndani ya faiba hukimbia kilomita 200 kwa milisekunde moja, kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi Ujerumani haiwezi kupungua milisekunde 60, ufanye ufanyalo.

Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam kwa barabara ni kama kilomita 830. Kwenye faiba, mwanga unafika kwa milisekunde 4 na kidogo. Basi la saa 12 likifika Dar, mwanga ungekuwa umeshapiga safari milioni 10. Na mkongo wa taifa unapita hapa kwetu kwenda Tunduma na Kasumulu, kuzipelekea Zambia na Malawi mawasiliano. Mbeya ni njia panda, kama kawaida yake.

Mojaloop unaifahamu? Ni programu huria ya kuunganisha mitandao ya pesa, ilitangazwa mwaka 2017 kwa msaada wa Taasisi ya Gates, na TIPS, mfumo wa malipo ya papo hapo wa Benki Kuu ya Tanzania, umejengwa juu yake. Ukimtumia wakala wa Mwanjelwa hela kutoka mtandao mwingine, ndiyo njia. Na daftari kuu la Mojaloop liliwekwa kwenye nini? MySQL, pomboo yule yule wa Sakila.

Hapo ndipo penye kisa kitamu. Joran Dirk Greef wa Cape Town alipoulizwa aifanye Mojaloop iende kasi zaidi, akakuta kikwazo ni kanzidata yenyewe: malipo madogo madogo mengi yanagombea mistari ile ile ya akaunti za benki chache, kila mmoja anamngoja mwenzake afunge daftari. Mwaka 2020 akaanza kutengeneza kanzidata mpya kabisa, TigerBeetle. Inajua vitu viwili tu, akaunti na uhamisho, na kila uhamisho ni baiti 128 kamili. Haihifadhi picha, haihifadhi makala, haikujui wewe ni nani. Inachukua malipo elfu nane na ushee kwa mkupuo mmoja. Kanzidata iliyozaliwa kwa sababu Waafrika tunatumiana buku buku!

Kwa nini hela yako haipotei katikati, imetoka kwako na haijafika kwa mama? Kanuni hiyo ya "yote au usifanye kabisa" ilisimamishwa kwa sehemu kubwa na Jim Gray, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Turing mwaka 1998. Januari 2007 alitoka San Francisco na mashua yake, peke yake, bahari ikiwa shwari. Hakuonekana tena. Wenzake walipekua picha za setilaiti na hawakuona hata ubao.

Sasa fungua masikio, hizi ni za kupasua. Siku ya mauzo ya Amazon mwaka 2023, kanzidata yao ya DynamoDB ilifikia maombi milioni 126 kwa sekunde. Ni sawa na kila Mtanzania, hadi mtoto wa mgongoni, kuuliza maswali mawili ndani ya sekunde moja.

Amazon hao hao walikuwa wateja wakubwa wa Oracle. Mwaka 2019 wakatangaza wamemaliza kuhama: kanzidata karibu 7,500, petabaiti 75. Petabaiti moja ni gigabaiti milioni 1. Haya, piga mwenyewe.

Oracle nayo ina mambo. Toleo lake la kwanza kuuzwa, mwaka 1979, liliitwa Toleo la 2. Toleo la 1 halikuwahi kuuzwa. Waliona hakuna atakayenunua kitu cha kwanza. Na jina Oracle lilikuwa jina la mradi wa siri wa CIA.

Wazo lenyewe la kupanga data kwa majedwali lilitoka kwa Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa rubani wa kivita, akalichapisha mwaka 1970 akiwa IBM. IBM wakazubaa. Larry Ellison wa Oracle akalisoma, akawahi sokoni, akawa bilionea. Codd akapata tuzo.

Kabla ya hapo IBM walikuwa na IMS, iliyotengenezwa kufuatilia vipuri vya roketi iliyowapeleka watu mwezini mwaka 1969. Reli ya TAZARA ilikuwa haijaanza hata kujengwa. Leo hii kuna benki kubwa duniani ambazo bado zinaitumia IMS! Ndiyo maana wazee wa fani husema ukichagua kanzidata umeoa.

Wengine huoa, huacha, hurudi. Uber ilitoka MySQL ikaenda PostgreSQL, kisha mwaka 2016 ikatangaza imerudi MySQL, na wahandisi wake wakaandika maelezo marefu ya kwa nini. Mashabiki wa tembo walijibu kwa hasira. Mzozo wake ungedhani ni Simba na Yanga.

Discord, mtandao wa vijana wa michezo ya kompyuta, ulikuwa na matrilioni ya ujumbe kwenye seva 177 za kanzidata iitwayo Cassandra. Mwaka 2022 wakahamia ScyllaDB, seva 72 tu, na kuhamisha kulichukua siku 9. Desemba hiyo hiyo ikapigwa fainali ya Argentina na Ufaransa. Mchoro wa kanzidata ulikuwa unaruka juu kila goli linapoingia. Ungeweza kufuatilia mechi nzima kwa kutazama seva!

Twitter ilipigwa na filamu. Agosti 3, 2013, katuni ya Hayao Miyazaki ilionyeshwa runingani Japani, na neno moja la uchawi likaandikwa na watazamaji wote kwa pamoja: ujumbe 143,199 katika sekunde moja. Siku za kawaida zilikuwa kama 5,700.

Je, wajua sekunde 43 zinaweza kula siku nzima? Oktoba 21, 2018, GitHub, ghala la watengeneza programu mtandaoni, ilipoteza mawasiliano kati ya vituo vyake viwili kwa sekunde 43. Kila upande ukaandika mambo yake. Kuyapatanisha kukachukua saa 24 na dakika 11.

Na sekunde moja je? Juni 30, 2012 saa za dunia ziliongezwa sekunde 1 ya kusawazisha. Tovuti ya Reddit ikaanguka, seva zake za Cassandra zimechanganyikiwa. Google kwa upande wao hawaiamini saa ya mtu: kanzidata yao ya Spanner, waliyoieleza mwaka 2012, inatumia saa za atomu na GPS ndani ya vituo vyao ili kujua nani aliandika kwanza.

Hii ya GitLab, mshindani wa GitHub, usiisome ukiwa unakunywa chai. Januari 31, 2017, mhandisi aliyechoka, usiku, alifuta kanzidata ya seva isiyo yenyewe. Alipogutuka, kati ya gigabaiti kama 300 zilibaki 4.5. Si tatizo, kuna bekapu! Walikuwa na njia 5 za bekapu. Hakuna hata moja iliyofanya kazi kama ilivyotarajiwa. Kilichowaokoa ni nakala aliyokuwa ameitoa kwa mkono saa 6 kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Ya kwako uliijaribu lini?

Serikali ya Marekani ilizindua tovuti ya bima ya afya Oktoba 1, 2013. Mamilioni walifungua. Waliofanikiwa kujiandikisha siku ya kwanza walikuwa watu 6. Yaliyoharibika yalikuwa mengi, lakini miongoni mwa yaliyolalamikiwa ni uchaguzi wa kanzidata ya MarkLogic, ambayo wahandisi wengi wa mradi hawakuwa wameizoea.

Ndogo nayo haidharauliki. SQLite ilianzishwa mwaka 2000 na Richard Hipp, kwa kazi ya meli ya kivita ya Marekani. Leo imo kwenye kila simu ya Android na iPhone. Imo mfukoni mwako sasa hivi, na wenyewe wanakadiria kanzidata zaidi ya trilioni 1 zinafanya kazi. Wanaoitunza ni watu 3! Wanasema tovuti yenye maombi chini ya 100,000 kwa siku kwa kawaida haihitaji kingine, na mwaka 2015 tovuti yao wenyewe ilikuwa inakula maombi 400,000 hadi 500,000 kwa siku kwa kutumia hiyo hiyo. Shule yako ya Kihesa haihitaji Oracle, mwalimu mkuu, weka hela madawati.

Seva hupenda baridi. Mwaka 2013 Facebook ilifungua kituo Luleå, Uswidi, karibu na Duara la Aktiki, ili hewa ya nje ifanye kazi ya kiyoyozi. Mbeya ya Juni tunaijua. Bado nasubiri mwekezaji.

Afrika Kusini, Septemba 2009, njiwa aitwaye Winston alibeba gigabaiti 4 mguuni kutoka Howick hadi Durban, kilomita kama 80, akishindana na intaneti. Hadi data inapakuliwa ilikuwa saa 2 na dakika 6 na ushee. Intaneti ilikuwa imefikisha asilimia 4.

Amazon walikuja na njiwa mkubwa zaidi: mwaka 2016 walionyesha lori la kontena la futi 45 lenye petabaiti 100 tumboni. Litoe Dar, lipandishe Kitonga, lipime mizani ya Wenda na Makambako, lifike Mbeya baada ya saa 24. Umepata kasi ya terabiti 9 kwa sekunde, na dereva amekula kuku njiani.

Mwisho, chukua kalamu. Kompyuta nyingi za zamani huhesabu sekunde tangu mwaka 1970, na ndani ya biti 32 zinaishia 2,147,483,647. Namba hiyo ndiyo iliyoisumbua YouTube mwaka 2014 wimbo wa Gangnam Style ulipoipita kwa watazamaji, na muda unayo pia: aina ya TIMESTAMP ya MySQL inakoma hapo hapo. Kwa saa zetu ni Jumanne, Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, jua halijatoka Iringa wala Mbeya. Mwanafunzi wa MUST niliyemtaja pale juu atakuwa na kazi asubuhi hiyo, na atalipwa vizuri.